Bustani ya Siku 14: Namna ya Kuwapumbaza Wenzako Bila Kuishia Hospitali

Zamu yako imefika. Kikundi cha wapenda bustani cha mtaa wenu kimekaa, mama mwenyekiti amefungua daftari, na imekubaliwa kwamba sherehe ya Krismasi mwaka huu itafanyika uani kwako. Ulitabasamu ukasema karibuni sana. Lakini mimi na wewe tunajua huko uani kuna nini: ukoka uliokauka vipande vipande, mchaichai uliogeuka kichaka, na mlimau uliosema utaupogoa tangu masika.

Usiogope. Tuko Dar es Salaam, mwezi wa Desemba, kila kitu kinaota. Na huna sababu ya kuona haya. Maonyesho ya maua ya Chelsea kule London, yaliyoanza mwaka 1913, ni bustani zinazojengwa kwenye uwanja mtupu kwa wiki chache tu, zikapigiwa makofi siku chache, kisha zikang'olewa. Mimea mingi mle hukaa ndani ya vyungu vyake, midomo ya vyungu ikiwa imefunikwa kwa magome ya miti. Kama wao wanaruhusiwa, na wewe ruksa.

Nitakupa njia zote za mkato ninazozijua. Sharti langu ni moja: nitakapokwambia vaa glavu, vaa.

Siku ya 14 kabla

Toka nje ya geti, funga, kisha ingia kama mgeni. Piga picha kwa simu kila unaposimama. Simu haina huruma, nawe umeshayazoea mapungufu ya uani kwako hadi huyaoni tena.

Sasa hesabu. Mgeni wa sherehe huona sehemu tatu tu: anapoingia, anapokaa, na njia ya kwenda chooni. Hiyo ya tatu watu huisahau, na ndiyo mgeni huipita peke yake, taratibu, bila mtu wa kuzungumza naye, akiwa na nafasi ya kuangalia. Pesa zako zote na jasho lako lote viende hapo. Kwingine kote ziba kwa kipande cha uzio wa makuti, weka viti mbele yake, maliza.

Siku hiyohiyo, kama una bugenvilia kwenye chungu, isogeze barazani isinyeshewe na vuli, na uache kuimwagilia. Ikianza kulegea majani, ipe kikombe kimoja cha maji, basi. Bugenvilia inayoshibishwa maji na samadi hutoa majani. Yenye kiu kidogo huharakisha rangi. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba ile rangi tunayoiita ua si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi, na maua yenyewe ni vile vijibomba vyembamba katikati. Mmea wenyewe unatufundisha kazi.

Hata historia yake iko upande wetu. Mfaransa Philibert Commerson aliuchukua mmea huo Brazil mwaka 1767, akiwa katika safari ya Louis-Antoine de Bougainville ya kuizunguka dunia. Msaidizi wake aliyebeba vifaa na kukusanya mimea alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli za jeshi la Ufaransa. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Liweke jina hilo mfukoni, utalihitaji siku ya sherehe.

Siku ya 12

Nenda kwenye vitalu vya kando ya barabara, asubuhi, kabla muuzaji hajachoka na wewe hujapata njaa. Usinunue kilichochanua chote. Kitapukutika kabla ya wageni. Chagua chenye vichomozo vingi vilivyofumba. Inua kiriba utazame chini: mizizi iliyotokeza nje na kujizungusha maana yake mmea umekaa humo muda mrefu mno. Nunua aina tatu tu, kwa wingi. Mtu asiyejua bustani hununua aina kumi na tano, moja moja, na uani kwake kunakuwa kama dukani.

Halafu usipande. Chimba shimo, zamisha kiriba au chungu chote, funika mdomo wake kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au maranda ya seremala. Panga matatu pamoja, au matano. Ukikosea, unang'oa na kusogeza bila mmea kujua.

Hapa ndipo glavu ya kwanza. Viwanja vyetu vingi vilikuwa saiti za ujenzi kabla ya kuwa bustani, na chini ya shubiri moja ya udongo kuna misumari, vigae na chupa zilizovunjika. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye samadi, tena kwa miaka. Havihitaji jeraha kubwa. Tundu la msumari linatosha. Chanjo ipo, na mtu mzima hushauriwa kuiongeza kila miaka 10. Jiulize ya kwako ilikuwa lini. Kama jibu ni "nadhani nikiwa shule," nenda kituo cha afya kesho, kabla ya jembe.

Na kandambili si viatu vya bustani. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu mtupu, na jembe halina habari kwamba hicho ni kidole. Vaa buti za mpira, hata kama jirani atauliza unakwenda wapi.

Fanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kisha kuanzia saa 10 jioni. Desemba jua la mchana Dar linapita karibu na utosi. Mti mzima hauna kivuli cha kumtosha kuku. Katikati ya siku kaa ndani unywe maji, na uite hiyo mipango. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kugonga, acha papo hapo, kaa kivulini, jimwagie maji. Mtu anayeanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka huyo ni wa hospitali, si wa kivulini.

Siku ya 10

Uzio wa minyaa. Najua umeuacha mpaka umepita kichwa, na najua unataka kuunyoosha kwa panga kwa nusu saa, maana uzio ulionyooshwa hufanya ua wote uonekane umetunzwa. Ni kweli. Hakuna kazi ya nusu saa inayolipa kama hiyo, na hakuna inayonitia hofu kama hiyo.

Ukikata mnyaa, utomvu mweupe hautiririki tu, unaruka. Panga likishuka kwa nguvu, matone hurudi usoni. Yakiingia jichoni, maumivu yake ni kama moto, na mtu anaweza asione vizuri kwa siku kadhaa. Nimewaona mafundi hodari wakifumba macho na kukata, wakidhani kufumba kunatosha. Kisha wakajifuta jasho kwa mkono uleule wenye utomvu.

Kwa hiyo: miwani ya kazi, ile ya plastiki inayouzwa duka la vifaa vya ujenzi. Glavu ndefu. Mikono mirefu ya shati. Kata kwa mkasi wa kupogolea badala ya panga, kuanzia chini ya macho yako, upepo ukiwa mgongoni. Watoto wawe ndani. Ndoo ya maji safi iwe karibu kabla hujaanza, maana aliyefumba macho kwa maumivu hawezi kutafuta bomba. Ukipatwa, suuza kwa maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, bila kufikicha, kisha hospitali. Usitie maziwa wala dawa ya jirani.

Njia ya mkato yenyewe? Nyoosha upande wa ndani tu, na sehemu ya juu kwa urefu wa kifua. Upande wa nje haumo kwenye ziara.

Siku ya 8

Lundo la matofali, makuti na matawi pembeni: usilihamishe kwa mikono. Gonga kwanza kwa fimbo ndefu, ngoja, kisha vuta kwa reki. Nyoka hawana shida nawe, wanataka kukimbia, wape muda wa kukimbia. Swila hutema, na hulenga macho. Dawa ni ileile, maji mengi. Akiuma nyoka wa aina yoyote: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mtulize mgonjwa asitembee, mpeleke hospitali.

Siku ya 7

Leo kazi ni nyepesi na faida yake ni kubwa. Kata ukingo wa ukoka kwa koleo lenye makali, mstari mmoja ulionyooka, ukitumia kamba. Macho ya binadamu husoma ukingo kwanza. Ukoka wenye mabaka ndani ya ukingo ulionyooka huonekana kama umepumzishwa kwa makusudi. Kisha panga mawe, yapake chokaa. Mtu akipita barabarani atadhani ni ofisi ya mkuu wa wilaya.

Chokaa huunguza macho na ngozi ya mikono. Glavu tena, na unapochanganya usiinamie ndoo.

Siku ya 5

Utaamka ukute vidukari wamejaa kwenye mawaridi na vidung'ata weupe kwenye mchungwa. Watu wanakuja Jumamosi. Mkono wako utakwenda stoo, kwenye dawa.

Usipulize. Hiyo ndiyo njia ya mkato. Chukua mpira wa maji, ziba mdomo kwa kidole, wapige vidukari kwa nguvu asubuhi siku tatu mfululizo. Wengi wakianguka hawarudi. Vidung'ata wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Tawi lililozidiwa likate, litupe. Umeokoa pesa, na umeokoa uwanja ambao watoto watakaa chini na kula keki kwa mikono baada ya siku tano.

Lakini kwa kuwa umeshafungua stoo, simama hapo. Angalia rafu. Niambie ukweli: dawa iko kwenye nini?

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye sherehe kama yako, ua mzuri, taa, muziki wa chini. Mwenyeji alikuwa amenunua dawa ya wadudu ya kupimiwa, ile inayomiminwa kutoka kwenye dumu kubwa, akaichanganya na maji na kuibakiza kidogo ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Dawa nyingi za namna hiyo zikikutana na maji hugeuka nyeupe. Chupa ilikuwa dirishani kwa nje, nyuma ya chungu. Ilikuwa na rangi ya tui jepesi. Ilikuwa na lebo yake ileile ya maji, safi, hata haikuwa imechubuka. Mtoto wa kama miaka minne aliyekuwa akikimbizana na wenzake alisimama, akahema, akanyoosha mkono, akaishika. Alikuwa ameshafungua kizibo. Shangazi mmoja aliyekuwa akipita na sinia la sambusa aliliachia lote chini na kumpokonya. Sambusa zilitawanyika kwenye majani, na kwa muda hakuna aliyeziokota.

Sijawahi kukiondoa kichwani kile kizibo cha bluu kwenye kiganja cha mtoto.

Basi leo, kabla ya chakula cha mchana, fanya haya. Kila dawa irudi kwenye chombo chake chenye lebo yake. Kama haina chombo chake, usiibakize kabisa. Nunua kidogo kinachotosha siku moja, kwenye pakiti iliyofungwa. Usiitie kamwe kwenye chupa ya maji, ya soda, wala ya mafuta ya kula, hata kwa usiku mmoja, hata ukiandika kwa kalamu. Mtoto wa miaka minne hasomi, na mgeni mwenye kiu gizani naye hasomi. Iweke juu, chini ya kufuli. Bomba la kupulizia lioshwe, lifungiwe humohumo. Chupa tupu za dawa zitoboe zisitumike tena.

Na kama limeshatokea: usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa au lebo ya dawa, maana daktari atataka kujua ni dawa gani. Hilo la lebo ndilo watu husahau wakiwa wamechanganyikiwa.

Siku ya 3

Mwaga maji yote ya visahani chini ya vyungu, matairi, makopo, na kile kidimbwi cha saruji ulichokusudia kuweka samaki. Mbu wa homa ya dengue anapenda maji machache, safi, yaliyotulia karibu na watu, na huuma mchana. Dar es Salaam ilishaonja mlipuko wake mwaka 2014 na tena 2019. Kuanzia yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja au zaidi kidogo, kwa hiyo anayemwaga kila Jumamosi huwa amemkata katikati. Jaza visahani mchanga: unyevu unabaki, mbu anakosa pa kutagia, na mgeni ataona ni utaalamu.

Siku yenyewe

Usifagie chini ya mkrismasi. Narudia, nyang'anya watu wote mafagio. Mti huu tuliuzoea hadi tukaupa jina la sikukuu kwa sababu huwaka mwekundu wakati huu, ingawa asili yake ni Madagaska. Petali zinazoanguka usiku ni zulia la bure, na hakuna pambo la dukani linalolikaribia. Kama tawi limekauka au limepasuka, likatwe mapema na fundi, kwani matawi yake ni mepesi kuvunjika. Na usiweke viti chini yake ukiona upepo wa mvua.

Poinsetia ni habari nyingine. Kila mwaka kuna mwanachama anayesononeka kwamba yake imekuwa ya kijani tupu Desemba. Mwambie haina kosa. Ni mmea wa Meksiko, na hugeuka mwekundu usiku unapokuwa mrefu. Kwetu kusini mwa ikweta usiku mrefu ni Juni, kwa hiyo iliyoachwa uani hupendeza katikati ya mwaka na kutusahau Krismasi. Anayetaka yake iwe nyekundu aifunike kwa boksi lisilopitisha mwanga hata chembe, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku, kwa wiki 8 hadi 10. Mwaka huu umechelewa. Nunua iliyofunikwa na mtu mwingine. Mwakani anza mwanzoni mwa Oktoba.

Waalike wageni saa 12 jioni. Jua la Desemba huzama nusu saa na dakika chache baadaye. Watapata mwanga wa kutosha kusema "lo, pamependeza," na kabla hawajaanza kukagua, giza litakuwa limefika kukusaidia. Baada ya hapo wataona tu unachokimulika. Mulika matatu: mkrismasi kutoka chini, bugenvilia, na njia ya chooni.

Taa za sola ndizo nakuombea. Kama lazima utumie umeme, usipitishe ekstensheni kwenye majani yenye umande wala pale mvua ya vuli inapotuama, na usikubali kiungo kilichofungwa kwa nailoni. Njia iwe na mwanga popote penye ngazi na mashimo, maana bibi zetu watakuja na viatu vya sherehe. Kutundika taa juu, tumia ngazi, si kiti juu ya meza. Kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu ya ngazi iwe mita moja kutoka ukutani, na mtu mmoja aishike muda wote, asiyekuwa na simu mkononi.

Sasa maswali. Yatakuja, kwa kuwa kila mwanachama anataka kuonyesha anajua. Akikuuliza mmea umeuotesha lini, jibu, "Umependa sana hapa." Ni kweli, na haina tarehe. Akikubana, mwoneshe urujuani wa Usambara uliouweka mezani, ule mdogo wenye majani ya manyoya. Mwambie unauzwa madirishani kote Ulaya na Marekani, lakini kwao ni Tanga. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na ofisa wa kikoloni aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire, mmea ukapewa jina lake, na mlima wetu ukabaki kwenye maneno ya pembeni. Atasahau swali lake, na anastahili kuijua habari hiyo. Ukibaki na nafasi, mpe na ya Jeanne Baret.

Mama mwenyekiti ataondoka mwisho. Atasimama kwenye bugenvilia, atagusa kwa ncha ya kidole, na kuomba kipande cha kwenda kuotesha. Usimpe chenye maua. Kata shina lililokomaa, nene kama penseli, urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, lifunge kwenye gazeti lililoloweshwa. Mwambie alichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, asilitingishe kwa wiki sita. Na kabla hujamkabidhi, kata miiba yote kwa mkasi, kwa sababu atalibeba mkononi kwenye bajaji, gizani, hadi kwake.